Mkate wa Mume Wangu na Maziwa ya Mama Mkwe

Mwaka jana, akiwa kwenye likizo ya mwezi mzima, mume wangu aligundua mkate. Nasema aligundua kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo alivyotangaza, utadhani kabla ya siku hiyo sisi watu wa mtaa wa Ngokolo tulikuwa tunakula majani. Alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, simu usoni, bando la wiki linateketea, akakutana na video ya mwanamke mmoja mwenye kucha ndefu akieleza jinsi alivyopunguza nusu ya matumizi ya chakula kwa kuoka mwenyewe na kupika vilivyomo stoo. Alipoinuka pale hakuwa tena mume wangu. Alikuwa mtaalamu.

"Mama watoto," akaniita, "unajua humu ndani tunakula upepo?"

Nikamwuliza upepo gani.

"Mkate wa dukani. Ukiukandamiza unabaki hivi." Akanionyesha kwa vidole viwili. "Kuanzia leo tunaoka. Na hiyo stoo yako nitaisimamia mwenyewe."

Kazi yake ni kutunza stoo ya kampuni moja inayowauzia watu wa migodi vifaa. Sehemu kubwa ya mwaka anaimaliza huko upande wa Bulyanhulu, ndani ya kontena lenye joto la kumwivisha mtu, akilinda mabuti na glovu. Huko kuna utaratibu kwamba glovu mpya haitoki mpaka iliyochakaa irudi. Ni utaratibu mzuri sana kwa glovu. Yeye akauleta jikoni kwangu. Alipiga kufuli mlango wa kijistoo chetu, na kuanzia siku hiyo nikitaka kiberiti sharti nirudishe kasha tupu, nikitaka sabuni nionyeshe kipande kilichobaki, tena kiwe chembamba cha kupitisha mwanga. Siku niliyokwenda kuomba chumvi aliniuliza, uso mkavu kabisa, ile ya mwanzo imekwenda wapi. Nikamwambia imo tumboni mwako, baba watoto, ukitaka irudi subiri kidogo. Hakucheka.

Kilichoniuma si kufuli. Kilichoniuma ni kwamba tangu tuoane mimi ndiye ninayeusukuma mwezi mpaka ufike mwisho, na yeye hakuwahi kuona ninausukumaje. Choroko naichanganya na wali ili mchele uchelewe kwisha. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, naichemsha na kuiponda na karanga, watoto wanakula asubuhi wakidhani wamepewa zawadi. Kiporo cha ugali nakikaanga na kitunguu. Kiangazi mboga zikipanda bei, natoa nsansa, majani ya kunde niliyoyaanika wakati wa mvua, naipika kwa karanga, na hakuna anayeuliza mchicha uko wapi. Maandazi je? Mama yangu alitusomesha kwa maandazi aliyokuwa akiuza stendi. Nilikanda unga kabla sijajua kusoma.

Haya yote mume wangu hajawahi kuyala. Akija nyumbani anakuja kwa siku chache, na mwanaume anayetoka migodini hupokewa kwa kuku, pilau na soda, la sivyo majirani watasema mke hamjali. Akirudi kazini, sisi tunarudi kwenye choroko. Kwa hiyo alipokaa kupiga hesabu ya gharama za nyumba ile, alikuwa anapiga hesabu ya gharama za kuja kwake. Nilijaribu kumweleza hivyo kwa upole, halafu nikamweleza bila upole. Akasema wanawake hatupendi kusimamiwa.

Sasa nimlete mama yake, maana bila yeye mkate ule ungebaki kichekesho tu.

Mama mkwe anaishi nasi, chumba cha uani. Ni mfupi, mkali, ana kikopo cha ugoro alichokifunga kwenye pindo la kitenge, na masikio yake yanasikia yale anayoyachagua. Mimi na yeye tumegombana kuhusu kila kitu kinachoweza kugombaniwa na wanawake wawili wenye jiko moja: chumvi, moto, namna ninavyofagia, namna ninavyowafunga watoto mgongoni. Alitoka Ushetu, akakulia kwenye ng'ombe na kuzeekea kwenye ng'ombe. Baba mkwe alipofariki, kundi lilibaki mikononi mwa mwanawe wa kiume, na wa kiume alikuwa mmoja tu, huyu wangu.

Miaka hiyo dhahabu ilikuwa imempanda kichwani. Aliuza ng'ombe wote, hadi ndama, akanunua hisa kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, upande wa Geita. Mimi nilikuwepo, nikiwapikia. Kila mwamba ulipometameta kidogo, wanaume wale walisherehekea utadhani wameshauza. Kuku walichinjwa, kreti zikafunguliwa, na wapita njia waliokuwa hawajulikani hata kwa sura waliitwa wakae wale. Siku nyingine nilikaanga kuku mpaka mafuta yakaisha nikaagiza mengine. Mwamba uliendelea kumeta tu. Masika ilipoingia, duara likajaa maji, na ng'ombe wa mama mkwe wakawa wamekwisha.

Ila kabla ng'ombe hawajatolewa zizini, kaka zake mama mkwe walikuja kumwuliza mpwa wao swali moja: dada yetu atakunywa nini? Akasimama uani mbele yao, kijana wa watu, akasema mama hatakosa maziwa maisha yake yote, kikombe kila siku, kutoka mkononi mwake mwenyewe. Wajomba wakakubali. Kwa watu wanaofuga, neno la namna hiyo halisemwi ili kumaliza mazungumzo.

Na nimtendee haki: alilishika. Hata alipokuwa kazini, muuza maziwa wa baiskeli alishalipwa, na kila asubuhi alisimama getini akajaza kikombe cha bibi. Bibi aliyamimina kwenye kibuyu chake, akayaacha yagande, jioni akayanywa amefumba macho, na wakati huo hakuna aliyethubutu kumsemesha. Kilikuwa kitu pekee kisichowahi kukatwa katika nyumba yetu, hata mwezi ule tuliokula dagaa mpaka paka wa jirani akahamia kwetu.

Basi yule mwanamke wa kucha akasema kwenye simu kwamba siri ya mkate laini ni maziwa. Mume wangu akasimamisha video. Nje, muuza maziwa alikuwa anapiga kengele ya baiskeli yake. Niliiona ile fikra ikimpita usoni, nikajua tumekwisha.

"Mama," akamwambia mama yake, kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema, "kuanzia kesho maziwa yako yataingia kwenye mkate. Ni yaleyale. Tofauti ni kwamba badala ya kuyanywa utayala, na sote humu ndani tutapata."

Mama mkwe akafungua kikopo, akavuta ugoro, akapiga chafya.

"Sawa," akasema.

Mume wangu akafurahi kwamba mama ameelewa. Mimi niliyeishi na mama huyo kila siku nilijua kwamba akikubali jambo anaongea nusu saa, na akikataa anasema neno moja.

Mkate wa kwanza ulioka nyumba nzima. Alijaza mchanga kwenye sufuria langu kubwa la ubwabwa, mchanga aliouomba kwa jirani anayejenga, akatumbukiza bati la unga katikati, akafunika, akapanga makaa juu ya mfuniko. Juu moto, chini moto, katikati yeye na simu. Mkaa ambao mimi ungenifikisha wiki uliisha kabla ya siku mbili, lakini mkaa alikuwa hauhesabu, kwa sababu yule wa kucha alikuwa na jiko la umeme. Ulipotoka, mkate ulikuwa mweusi chini na mbichi katikati. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, akasema umeiva.

Tukala. Kwa kweli tuliula. Watoto walikuwa wanatazamana. Mama mkwe, mwenye meno machache anayoyatunza, alichovya kipande chake kwenye chai ya rangi mpaka kikasalimu amri, akanywa chai, akaacha tope la mkate chini ya kikombe.

Ningeweza kusema. Niliona kwamba anamimina maziwa yanayochemka juu ya hamira, na hamira ikichomwa inakufa. Niliona kwamba anaukanda unga kwa ncha za vidole kama mtu anayeogopa kuuamsha. Sikusema kitu. Nilitaka kuona utaalamu ule utaishia wapi, na nakiri kwamba nilikuwa nafurahi. Yeye akanieleza kwamba hamira za siku hizi ni feki.

Kisha akapata wazo la kuurefusha unga wa ngano. Akachukua gunia langu la michembe, lile tulilotumiwa kutoka Ushetu, akalipeleka mashineni kusaga. Mtu wa mashine alimwuliza mara mbili kama ana uhakika. Mama aliyemfuata kwenye foleni alikuja mpaka kwetu kulalamika kwamba unga wake wa dona umetoka mtamu na mumewe hataki kuula. Mkate wa michembe ulitoka wa kahawia, mzito, bapa, na mume wangu akaubatiza jina la mkate wa afya. Akaupiga picha ukiwa juu ya kitambaa changu cha harusi, akaituma kwenye kundi la ukoo. Dada yake wa Mwanza akarudisha vile vikono vya kupiga makofi. Alitembea na ile simu siku nzima, akiwaonyesha watoto vikono.

Wakati huo, kila jioni, mama mkwe alikaa mlangoni pa chumba chake na kibuyu kitupu. Alikiosha, akakianika, akakinusa ndani. Hakulalamika. Afadhali angelalamika, maana yule mama nikimsikia ananung'unika mimi moyo wangu unatulia. Siku ya tatu au ya nne hasira zikanipanda, nikaenda kwa jirani mwenye ng'ombe, nikakopa maziwa, nikampelekea kwenye kikombe nilichokifunika kwa khanga.

"Ya nani haya?" akaniuliza.

"Ya jirani, mama."

"Rudisha."

"Mama, kunywa tu. Hatajua."

"Mayu," akaniambia, yaani mama, na huwa ananiita hivyo akiwa hana ugomvi nami, "mimi si ombaomba. Mwenye kunipa maziwa ni yule. Alisema mbele ya kaka zangu. Akumbuke mwenyewe."

"Na asipokumbuka?"

"Nimeshampigia kaka. Mavuno yakiisha wanakuja kunichukua."

Nikarudi na kikombe changu kwa jirani. Mtu wa mbali anaweza kuona ni jambo la kikombe tu. Lakini mama akiondoka kwa mwanawe wa kiume wa pekee kwa sababu ya maziwa, habari hiyo Ushetu inafika kabla ya basi. Ni nani angemwamini tena mume wangu kwa neno lolote? Angeketi na nani msibani? Na yule bibi angekwenda kwa kaka zake wazee, anyweshwe maziwa ya huruma kwenye maboma ambayo si yake, baada ya kuwa na zizi lake. Nilimwonea uchungu, yeye aliyenisema kwa miaka yote ile.

Nikamwambia mume wangu kila kitu, neno kwa neno. Alikuwa anakwangua masizi kwenye bati lake.

"Mama anakula mkate wenye maziwa," akasema. "Tena mkate wa afya. Analalamikia nini?"

"Halalamiki. Ndiyo shida yenyewe."

"Basi kama halalamiki, wewe unalalamika kwa niaba ya nani?"

Niliingia chumbani kwa mama nikakuta ameshakunja nguo zake na kuzifunga kwenye kitenge. Fundo lilikuwa zuri, limekazwa.

Jumapili ya mwisho ya likizo, mume wangu aliwaalika wenzake wawili waje kuonja. Walikuwa wenzake wa duara, walewale. Mmoja siku hizi ana karasha, anasagia wachimbaji mawe kwa malipo, na tumbo lake limetangulia mbele. Mwingine anaendesha bodaboda kupeleka watu machimboni. Walifika wakamwamkia mama, "Shikamoo mama," naye akaitika marahaba, kila mmoja yake, huku akiwatazama mmoja mmoja kwa zamu. Mume wangu alimtoa mama yake chumbani kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akampa kipande cha kwanza, maana mzee ndiye hutangulia. Nami nikamimina chai ya rangi.

Halafu akaanza kuhutubu. Alieleza upepo wa mkate wa dukani. Alieleza kufuli. Alieleza kwamba maziwa yaliyokuwa yananywewa na mtu mmoja sasa yanalisha familia nzima, na kwamba kinachowamaliza Watanzania ni kukosa usimamizi. Wageni walitafuna. Mkate ule huwezi kuutafuna ukasikiliza maneno kwa wakati mmoja, unahitaji mtu mzima mzima. Yule wa bodaboda alisema una nguvu. Yule wa karasha, akitaka kuufurahisha mkutano, akamgeukia mama mkwe.

"Mama, unaionaje kazi ya kijana wako?"

Mama mkwe aliweka kipande chake mapajani. Kilikuwa kizima.

"Kijana wangu ana kipaji," akasema. "Ng'ombe wangu wote aliwatia kwenye shimo, nikanyamaza. Sasa maziwa yangu ameyatia kwenye mkate, nimenyamaza. Nangoja nione mimi mwenyewe atanitia wapi."

Hakuna aliyemeza. Yule wa bodaboda alikohoa, akanywa chai, akakohoa tena. Ni yeye aliyekuwa na ubinadamu wa kujibu.

"Mama," akasema polepole, "wale ng'ombe, kusema kweli, na sisi tulikula."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekaa hapa nawaangalia mnavyotafuna. Hata wakati ule lazima mlitafuna hivihivi."

Ilinipasa nimwonee mume wangu aibu. Sikumwonea. Kicheko kilinipanda nikakimbilia jikoni, nikaziba mdomo kwa khanga, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Na humo jikoni, mbele ya lile sufuria la mchanga, kicheko kikageuka, nikajikuta nalia. Nilikumbuka kuku niliowakaanga kule Geita. Nilikumbuka mafuta niliyoagiza yaongezwe.

Niliporudi sebuleni mume wangu hakuwepo. Bodaboda ya mgeni haikuwepo pia, na mgeni mwenye nayo alikuwa amekaa palepale na kipande mkononi, hathubutu kukila, hathubutu kukiweka. Mama mkwe alikuwa anamwuliza yule wa karasha habari za watoto wake, kwa uchangamfu, utadhani hakuna kilichotokea. Yule bwana alijibu majina na madarasa yao upesi upesi mfano wa mtu aliyesimamishwa na polisi barabarani.

Ilipita muda ndipo tukasikia pikipiki. Mume wangu aliingia ametapakaa vumbi mpaka kwenye kope, amekumbatia dumu la maziwa, maana jioni ile muuza maziwa hakuwepo, ya jirani yalikuwa yameisha, na ilibidi aende nje kabisa ya mji, kwenye boma la wafugaji, akasubiri wakamue. Alichukua kikombe cha mama yake kabatini, akachuchumaa mbele ya kiti, akamimina mpaka ukingoni. Mengine yakamwagikia sakafuni. Nilimpenda wakati ule, siwezi kukataa.

Mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili. Alikinusa. Hakusubiri yagande, aliyanywa palepale yakiwa ya moto wa ng'ombe, yote, bila kupumzika, akajifuta mdomo kwa kitenge.

"Wabeja," akamshukuru.

Wageni wakashusha pumzi. Wa karasha alipiga makofi kidogo, akasema unaona sasa mama, mambo yameisha. Mume wangu akaanza kutabasamu, lile tabasamu lake la mtu aliyemaliza hesabu na ikatoka. Mama yake akamrudishia kikombe mkononi.

"Na kesho?" akamwuliza.

Kesho yake alfajiri mume wangu alikuwa anarudi kazini, na muuza maziwa alikuwa bado hajalipwa ya mwezi mpya. Taratibu akageuza uso akanitazama mimi.

"Usimtazame huyo," mama yake akamwambia. "Ng'ombe hakuuza yeye."